Mistari ya Shavu Lako

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na cherehani ya Mama imepona. Mimi sasa najua kuchora kitu kikaonekana kimejaa, kwa mistari tu! Mwanzoni nilijaza uso wako mistari iliyonyooka. Mwalimu akacheka: "Huyu ni dada yako au ni mlango?" Akanifundisha kupinda kila mstari, kama njia ya sisimizi anayepanda shavu na kushukia upande wa pili. Penye kivuli, mistari husongamana. Sasa shavu lako mtu anatamani kulifinya. Darasa zima lilinipigia makofi.

Unajua tangu uolewe bila ridhaa yake, Baba hataki jina lako litajwe. Jana aliukuta mchoro mezani. Nikadhani atauchana. Aliutazama mpaka chai yake ikapoa, kisha akasema, "Paji la uso umekosea. La mwanangu limejaa zaidi."

Nikamjibu kwamba nimechora kwa kukumbuka tu.

"Basi mwite aje akae hapa," akasema, "umchore vizuri."

Njoo, Dada. Penseli nimeshachonga.

Mimi mdogo wako,
Kitindamimba