Futi Kumi na Tano Ndani ya Kizimba

Jumapili, 7 Februari 1915

Jana tumewapiga Corliss 24 kwa 19. Na wao wametupiga sisi, ila kipigo chao hakiandikwi ubaoni. Owen, mwenzangu wa timu, kang'oka jino. Mimi nimetobolewa paja — nilibanwa pembeni kwenye seng'enge ya kizimba tunamochezea mpira wa kikapu, mwanamke wa safu ya mbele akapenyeza pini ya kofia, ikaingia mpaka nikaisikia kwenye mfupa. Nikageuka. Mama mtu mzima, kofia yake ina ndege wa kitambaa. Akanitabasamia.

Baada ya mechi Delahunt, mwenye timu na mwenye baa, kaja na wiski ya kuoshea vidonda. Tone moja kwenye kidonda, mafunda mawili kwake mwenyewe. Anasema tukienda hivi mpaka Machi, ubingwa utakuja kwetu Dunmere kwa mara ya kwanza. Akanishika viganja. Domas, anasema, itunze hii mikono, si yako tena.

Maana mtupaji ni mimi. Kila timu ina mmoja. Mwenzetu yeyote akichezewa rafu, hata awe bado amelala sakafuni, naitwa mimi nisimame mstarini nitupe mtupo wa adhabu. Futi kumi na tano, mikono miwili, kutoka magotini kwenda juu. Jana kumi na sita, imeingia kumi na nne.

Mke wa Owen, shemeji Mair, kanipaka ayodini. Naishi kwao chumba cha juu mwaka wa tatu sasa. Kasema nikipiga kelele nitafute nyumba nyingine. Sikupiga. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tuko shimoni kuchimba, mimi na Owen, makaa hayajui kama ulicheza.

Jumapili, 21 Februari

Naandika kwa jicho moja.

Jana tulikuwa kwao Corliss. Wachimbaji wao huja ukumbini na kofia za kazi, taa za kofia zinawaka. Wanapasha misumari kwenye moto wa taa mpaka iwe myekundu, halafu mtupaji akisimama mstarini wanamrushia kupitia matundu ya seng'enge. Si jambo geni. Hata kwetu inafanyika. Mimi mwenyewe kabla sijaingia timu nimewahi kurusha, na nilifurahi. Leo nakumbuka nilivyofurahi.

Ukishajua huwa hugeuki. Unatazama ringi, msumari unakupata shingoni au mgongoni, unaungua, unatupa. Sasa jana nimesimama, mpira mkononi, nikasikia mtu ananiita kwa Kilithuania. Sauti ya mwanamke, vile mama alivyokuwa akiniita nikale — Domai! Corliss hakuna Mlithuania hata mmoja, najua. Nikageuka.

Nilisikia harufu kabla ya maumivu. Kope zangu zinaungua.

Nilitupa. Owen anasema uliingia. Mimi sikuuona. Nilichoona kwa jicho la kulia ni Owen anapanda seng'enge na viatu vyake, futi kumi na moja, anashukia upande wa pili juu ya vichwa vya watu. Alimtoa mmoja kofia na kipande cha sikio. Hakuwa yule aliyerusha. Tumefungwa 22 kwa 20.

Jumatatu, 22 Februari

Nimekwenda kwa daktari mzee Mjerumani karibu na kanisa. Hakuzungusha maneno. Jicho la kushoto limekufa, litolewe, na kwa kulitoa niende hospitali Filadelfia, nilale huko mwezi. Nikasema basi baada ya msimu. Akatikisa kichwa. Jicho zima, anasema, humlilia mwenzake. Lile bovu likikaa humo zaidi ya wiki mbili, zima nalo linaanza kuugua. Unabaki na giza pande zote.

Msimu unaisha tarehe 20 Machi. Nilimwambia nitarudi. Akasema, mwenye kuhesabu siku si mimi wala wewe, ni hilo jicho.

Nimemwambia Owen peke yake. Shemeji asijue.

Jumatano, 24 Februari

Mazoezini nimekuwa kichekesho. Pasi ikitoka kushoto siioni, mpira umenipiga sikioni mara nne. Delahunt ananitazama na sigara imezimika mdomoni. Kawaambia wenzangu, kwa sauti ili nisikie, kwamba Wilkes-Barre kuna kijana mtupaji mzuri tu.

Halafu mitupo. Nimetupa ishirini. Imeingia kumi na tisa! Ringi haihami, umbali ni uleule, mikono inajua. Delahunt akawasha tena sigara.

Tukirudi nyumbani Owen kaniambia, mdogo wangu, wewe huhitaji kuona. Kaa karibu na seng'enge, usiguse mpira. Sisi tutapigwa, wewe utatupa. Nikacheka. Nilidhani utani.

Jumapili, 7 Machi

Haukuwa utani. Mechi tatu tumecheza hivyo, tatu tumeshinda.

Refa wa ligi yetu hapulizi filimbi mpaka aone damu. Basi Owen anaipeleka damu kwa refa. Ana kovu la zamani kwenye nyusi, ngozi yake imekuwa nyembamba. Anaingia chini ya kikapu na uso mbele, anatafuta kiwiko cha mtu, anakipata. Kovu linafunguka kama mfuko wa unga. Filimbi. Mimi natoka pembeni nilikokuwa nimesimama msafi, nafika mstarini, natupa. Jana mara ya nne alipiga magoti, akanipisha nipite, akasema nenda, mkubwa, usichelewe. Watu wakacheka. Mwenzetu mwingine kavunjwa kidole, mwingine mbavu. Mimi sina hata mchubuko tangu Februari. Mtaani wananiamkia kwa jina, wananinunulia bia.

Kufa kufaana, ndivyo ilivyo. Ila naona haya kukaa naye mezani.

Shemeji anafua jezi yake kwa maji baridi na chumvi. Asubuhi hii nimemsalimia, kajibu bila kugeuka. Mwishowe kasema, Domas, nyinyi mnahesabu pointi, mimi nahesabu mashuka yenye damu. Na sijaelewa kwa nini uso wake uwe hivyo na wako uwe hivyo. Nakula mkate wake, na jambo lenyewe nimemficha.

Jumatatu, 15 Machi

Wiki ya tatu imepita. Daktari kaniona njiani, nikajifanya sikumwona, kavuka barabara kwenye theluji na fimbo yake akanishika mkono wa koti. Nikamwambia Jumamosi ndiyo ya mwisho. Naapa.

Jicho zima halina neno. Linachoshwa na mwanga tu. Mwanga wa theluji.

Jumapili, 21 Machi

Naanza mwanzo nisichanganye.

Fainali, nyumbani, na Corliss. Tumelingana nao msimu mzima, atakayeshinda ndiye bingwa. Watu walijaa mpaka madirishani. Kipindi cha kwanza kilikwenda kama kawaida — Owen nyusi, Owen mdomo, Owen sikio. Tulikuwa mbele kwa pointi nne.

Corliss wana beki anaitwa Hauck, mtu mpana, zamani alipigana ndondi kwenye maonyesho ya sarakasi. Wakati wa mapumziko kaja kwangu akapunga mkono mbele ya uso wangu, upande wa kushoto. Sikupepesa. Akarudi kwa wenzake polepole. Nilijua hapo kwamba tumekwisha, bila rafu mimi si mchezaji.

Kipindi cha pili hawakumgusa mtu. Hao hao wa misumari! Owen akiingia na uso, wanamfungulia njia kama askofu. Akimkanyaga mtu, mtu anaomba radhi. Hakuna damu, hakuna filimbi, na mimi nimesimama pembeni kama kabati. Pointi zetu nne zikaliwa. 21 kwa 21. Owen akampiga mmoja ngumi ya tumbo, yule akajikunja, hakurudisha. Watu wetu wakaanza kuwazomea, waoga, waoga, pigeni basi.

Ikabaki kama nusu dakika. Mpira ulikuwa upande mwingine kabisa. Nikamwona Owen anamsogelea Hauck, anaweka mdomo sikioni mwake, anamwambia kitu. Kitu kifupi. Hauck akamtazama. Owen akasema tena.

Hauck akamwinua kwa jezi na mapaja, akampeleka kichwa mbele kwenye nguzo ya chuma ya kizimba.

Ile sauti ninayo bado. Niliisikia wakati naosha uso, nimeisikia kanisani leo. Refa akapuliza. Owen chini, mguu mmoja unachezacheza wenyewe. Mimi nikafanya nini? Nikaenda mstarini. Miguu ilikwenda yenyewe. Nikapewa mpira, nikaukamata, nikakunja magoti.

Ndipo watu wetu walipokiangusha kizimba. Walimtaka Hauck. Walivuta seng'enge kwa mikono, nguzo zikang'oka, upande mzima ukatulalia. Nimemwona mtu kashika mguu wa kiti, mwingine kashika nyundo ya kazini. Hauck alipigana nao mgongo ukutani mpaka polisi walipoingia na marungu, wakampiga kila mtu bila kuchagua. Mimi nilimlalia Owen. Mpira nilikuwa nao bado, nilikuwa nimeubana kwapani. Sikuutupa.

Jumanne, 23 Machi

Ligi imeamua. Mtupo wangu uko palepale. Utatupwa Jumamosi saa sita mchana, ukumbi mwingine, milango imefungwa, bila mashabiki. Ukiingia, Dunmere bingwa. Usipoingia, tunacheza dakika tano zaidi. Delahunt kaja kunipa habari na alikuwa anacheka. Hakupanda juu kumwona Owen.

Owen kafumbua macho jana. Anaongea Kiwelisi tu, lugha ya kwao. Anamwita mama yake, aliyekufa kabla hajapanda meli.

Alhamisi, 25 Machi

Leo Owen kanitambua. Kaniita mdogo wangu, kisha kalala.

Jioni mlango umegongwa. Hauck! Mkono kaufunga bendeji, uso wote umevimba, kofia kifuani. Nilishika kipande cha kuni. Shemeji akasema, weka chini hiyo, mwache aseme.

Hauck hakutaka kukaa. Alisema hajalala tangu Jumamosi na anataka mtu wa nyumba hii ajue. Nikamuuliza, alikutukana nini? Akasema, Owen hakunitukana. Aliniambia, tafadhali, nipige. Mimi, anasema Hauck, nikamtazama nikidhani nimesikia vibaya. Akasema tena, tafadhali, bwana, mtoto wetu mtupaji amebaki na mtupo mmoja tu wa maisha yake, nipige vizuri.

Halafu akalia pale mlangoni, jitu lile zima. Shemeji alimpa maji, akanywa, akaondoka.

Tukabaki wawili jikoni. Nilisubiri anipige kofi, ningeshukuru. Hakunipiga. Kasema polepole, Domas, ukikosa, mume wangu kapasuliwa kichwa bure. Ukifunga, kapasuliwa kwa pointi moja. Chagua utakalomwambia. Mimi simwambii.

Jumamosi, 27 Machi

Naandika herufi kubwa leo.

Nimeamka nikaangalia kalenda iliyo ukutani. Tarehe zina ukungu. Nikadhani mvuke wa sufuria, nikafungua dirisha, baridi ikaingia, ukungu haukutoka. Nikasugua jicho. Nikaosha na maji ya chumvi. Nikasogea mpaka pua ikagusa karatasi, ndipo nikaiona ishirini na saba.

Sitaki kudanganya humu, humu hakuna wa kumdanganya. Linaanza. Daktari alisema na mimi nilisikia. Naogopa.

Treni ya Filadelfia ni saa nne. Na gari la Delahunt linakuja saa nne.

Nilipanda kumwona Owen. Kaniuliza, ringi unaiona? Nikasema naiona. Kasema, muongo wewe, na akacheka kidogo, kisha akashika kichwa. Akanipapasa vidole gumba, kimoja kimoja. Viko sawa, kasema. Ndiyo hivyo tu, akalala.

Sasa niko mezani jikoni. Honi inapiga nje, Delahunt huyo, anapiga bila kupumzika. Nimefumba macho najaribu mikono mitupu. Magoti, mikono, juu. Naona unaingia. Tena. Unaingia. Mtu anaweza kuutupa ule mtupo hata akiwa gizani, nimeshajua, na baada ya hapo gizani ndiko atakakokaa.

Shemeji kaja kasimama mlangoni. Nimesikia hatua zake. Mkono mmoja kashika viatu vyangu vya kuchezea, mkono wa pili sanduku langu la safari, kalifunga yeye mwenyewe. Kumbe daktari kamwambia habari ya jicho. Anasema, Domas, acha kuandika, inua macho uniangalie usoni unijibu.

Nimeinua. Yuko hatua tatu tu. Sijui kama amekasirika au analia.