Jua la Uwanjani

Matinyani,
15 Desemba 1979

Kwako kaka Muthama,

Mvua imenyesha vizuri huku, na yule mbuzi wako mweusi amezaa mapacha. Baba tulimzika jana.

Telegramu ya msiba ulipata, maana ulijibu kwamba huwezi kutoka Nairobi wiki ya sherehe. Tukakubali. Kumbe bendi yenu ya jeshi ilikuwa inakuja kupiga hapa hapa Kitui!

Siku ya Jamhuri nilitembea na mama mpaka uwanjani. Hakutaka ulale nyumbani. Alitaka tu uombe wakubwa wako lori lipitie kwetu, umpulizie baba wimbo wa kumuaga askari, kama alivyoomba kabla ya kufa. Yeye ndiye aliyekufundisha, kwa tarumbeta yake kuukuu ya KAR, jeshi la Mwingereza alilopigania.

Tulisimama kwenye kamba, hatua kumi kutoka kwako. Ulipuliza vizuri, sikatai. Wageni wa heshima walipiga makofi. Mama akakupungia mkono. Ukashusha kofia mpaka kwenye nyusi, kisha mkapanda lori mkaenda.

Kaburini alipuliza mzee Kithome, mwenzake baba vitani, ambaye sasa hana meno. Ulitoka upepo mtupu. Hakuna aliyecheka.

Mama anawaambia majirani kwamba hukumwona, jua lilikuwa linakupiga machoni. Nimemwacha aseme. Lakini mimi nilikuwa pale, Muthama. Jua lilikuwa mgongoni mwako.

Ni mimi dada yako,
Ndinda