Thelathini na Nne Ziko Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeambiwa barabara yangu inaanzia mwisho.

Sikuelewa. Nilimwomba Bi Emna, mhandisi, arudie. Akarudia. Mara ya tatu nikaona haya kuuliza, nikaitikia tu kichwa. Miaka ishirini na sita naziba mashimo ya barabara hii ya mkoa, kutoka Ain Rumman hadi Burj Talha, kilomita tisini. Sifuri iko Ain Rumman, mbele ya hospitali. Tisini iko Burj Talha. Ndivyo nilivyoikuta. Sasa barabara kuu ya kwenda Tunis imefika Burj Talha, na wakubwa wameamua kichwa cha barabara kiwe huko. Sifuri inahamia mashariki! Mawe yote ya kilomita yang'olewe, yawekwe mapya, yahesabiwe kinyume.

Bi Emna akasema, "Ami Lazhar, hii ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Chukua tisini, toa namba ya zamani, unapata mpya."

Sawa. Kumi inakuwa themanini. Ishirini inakuwa sabini. Hesabu naiweza. Kinachonishinda ni barabara yenyewe. Barabara inaanzia wapi? Mimi nasema Ain Rumman kwa sababu nimezaliwa huko. Wa Burj Talha akitoka kwake kuja kwetu, naye anaanzia mlangoni kwake. Kumbe wote tuna haki? Nimekunywa chai mbili na sijapata jibu.

Jumatano, 6 Machi

Tumeanza. Watu wa mkandarasi wanatokea mashariki. Mimi na vibarua wangu wawili tunatokea magharibi. Tutakutana katikati.

Mawe mapya si mawe. Plastiki! Unalibeba kwapani kama mkate, unajaza mchanga, basi. Lile la zamani la kilomita tano lilitutoa jasho saa nzima kuling'oa. Nililipaka rangi mimi mwenyewe, kila mwaka, kabla ya mwezi wa Ramadhani.

Nimegundua jambo nikiwa nakula. Tisini toa arobaini na tano — arobaini na tano! Katika mawe yote tisini na moja, ni moja tu lisilobadilika. Nikampigia Bi Emna hapo hapo, mdomo umejaa. Nikamwambia basi lile tuliache lilivyo.

"Hapana, Ami. Mengine yote mapya, hilo peke yake libaki kuukuu?"

"Basi liwe la mwisho."

"Haya, liwe la mwisho."

Angalau kuna mahali pamoja ninapopaelewa.

Ijumaa, 8 Machi

Tumekula kuskusi kwa binti yangu, Wasila. Mama mkwe wake, Bi Mabruka, ndiye mwenye mkahawa wa kijiji, na kijiji hakina jina lingine ila Thelathini na Nne. Jiwe liko mlangoni pake. Barua zinaandikwa Thelathini na Nne. Kwenye vyeti vya kuzaliwa, Thelathini na Nne. Nikamweleza kwamba kuanzia sasa ni Hamsini na Sita.

"Mimi niitwe Bi Mabruka wa Hamsini na Sita? Watu watadhani ni umri wangu."

"Mkwe, huo umri ulishaupita zamani," nikamwambia.

Nusura anipige kwa kijiko. Nizar, mwanawe, mume wa Wasila, alicheka mpaka akapaliwa. Wasila hakucheka. Anakula kidogo, mkono juu ya tumbo. Zimebaki wiki mbili au tatu.

Miaka miwili iliyopita alijifungulia ndani ya pikapu ya Nizar, kwenye shimo la kilomita ishirini na moja. Mtoto hakulia. Siku ya tatu ya matanga nilikwenda nikaliziba shimo lile peke yangu, kwa mikono. Sijawahi kumwambia mtu. Safari hii daktari amekataza pikapu. Uchungu ukianza tu, waite gari la wagonjwa, lije na mkunga ndani.

Alinisindikiza mlangoni. "Baba, nikipiga simu niseme niko wapi?"

"Sema Thelathini na Nne. Nani asiyepajua?"

Jumanne, 12 Machi

Mitungi ya gesi ya Bi Mabruka imepotea.

Si kwamba imeibiwa. Lori liliiteremsha thelathini na nne. Mpya! Watu wa mkandarasi wana mwendo, wameshalisimika jiwe lao pale palipokuwa hamsini na sita, kilomita ishirini na mbili mbele ya kijiji, ng'ambo ya mlima. Hapana nyumba pale. Kuna kalavati na mipungate. Nizar alikwenda akamkuta mchungaji wa mbuzi ameketi juu ya mtungi, anauliza kama serikali inafungua duka.

Kijijini walicheka. Mimi nilicheka nao, kisha nikaacha. Barabara moja, na thelathini na nne ziko mbili. Zote mbili ni kweli. Kama moja ingekuwa ya uongo ningejua la kufanya.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemuuliza Bi Emna habari ya hospitali. Wao wanajua?

"Waraka umepelekwa, Ami."

"Wameusoma?"

"Umepelekwa."

Kichwa kinaniuma. Mchana nimeweka mishale ya mchepuko, toka thelathini na nane hadi arobaini na mbili, za zamani. Wanapanua barabara pale. Magari ya kwenda mashariki yanapita juu, yanayorudi yanashuka bondeni. Wa juu na wa chini hawaonani, mlima uko kati. Toka hapo mpaka karibu na hamsini simu nayo haishiki. Nimeandika "za zamani" hapo juu ili kesho nisijichanganye mwenyewe. Nimefikia huko.

Jumatatu, 18 Machi

Nimefika jiwe la kijiji. Bi Mabruka amelikalia. Ameleta mto, ameleta na maharage ya kuchambua.

"Ling'oe na mimi juu yake."

Nikarudi nyumbani. Bi Emna akapiga simu, sauti kavu: keshokutwa ni sikukuu ya uhuru, wakubwa wa mkoa watapita, hataki kuona jiwe la zamani hata moja kabla ya arobaini. Nikasema ndiyo. Kwa nini nilisema ndiyo?

Jumanne, 19 Machi

Nimefanya. Alfajiri, Bi Mabruka akiwa uani anachoma mkate. Nimeling'oa kama mwizi. Sasa pale mlangoni panasomeka 56. Wasila aliniona dirishani. Alinipungia mkono tu.

Miaka ishirini na sita nafanya kazi hii, sijawahi kuificha.

Jumatano, 20 Machi

Naandikia juu ya boneti. Bi Mabruka amenifukuza nyuma ya pikapu — "Toka hapa, Lazhar, shughulika na barabara yako" — na nisipoandika nitapiga kelele.

Tuko arobaini na tano. Ni saa sita kasorobo. Gari la wagonjwa halipo.

Nianze mwanzo, kama ninaujua.

Saa nne nilikuwa mkahawani. Sikukuu, watoto wana bendera. Nizar akatoka ndani amekuwa mweupe kama unga. Chupa ya uzazi imepasuka. Ameshapiga simu hospitali, amesema kama tulivyokubaliana: Thelathini na Nne, haraka. Wakamwambia gari limetoka, mkunga yumo.

Tulisimama wote barabarani kungoja. Nusu saa na ushee. Likaja! Jeupe, taa zinazunguka. Tukapunga mikono, mimi, Nizar, Bi Mabruka, watoto na bendera zao. Dereva akapunguza mwendo kidogo, akatazama jiwe langu. Kisha akatupungia naye mkono, akaongeza mwendo, akapita.

Alidhani ni sherehe.

Nizar alilikimbiza kwa miguu hadi kwenye daraja. Mimi nilisimama nikilitazama lile jiwe. 56. Lingekuwa lile la juzi, la zamani, la saruji, lenye rangi yangu, angesimama. Mimi ndiye niliyeling'oa. Nani mwingine?

Tukapiga hospitali. Wakasema dereva hapatikani, mlima. Kwa Bi Emna simu ikaita mpaka ikachoka, ofisi imefungwa. Wasila akawa anauma kona ya shuka. Hasemi. Hilo ndilo linalonitisha, mara ya kwanza alipiga kelele.

Baada ya dakika ishirini simu ya Nizar ikalia. Nikampokonya. Dereva. Anaitwa Shedli, si mtu wa huku, ana wiki moja kazini.

"Niko thelathini na nne. Naona kalavati na mbuzi. Mgonjwa yuko wapi?"

"Umetupita, mwanangu. Hiyo ni thelathini na nne mpya. Sisi ni ya zamani."

"Ya zamani kwa mpya ni ngapi? Nisome jiwe gani?"

Hapo nikakwama. Mimi! Hesabu ya darasa la pili. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye jiwe lenyewe, na mgongo wangu umeelekea huko. Wasila akaguna ndani, na namba zote zikamwagika kichwani kama dengu. Ikabaki moja tu.

"Arobaini na tano," nikasema. "Rudi hadi arobaini na tano. Nasi tunakuja. Tukutane hapo."

"Arobaini na tano ya zamani au mpya?"

"Ni ile ile!"

"Ile ile ipi?"

Simu ikakatika. Tukapiga, haikushika tena.

Nilipatia? Sijui. Mkunga yuko ndani ya gari lile. Kumngoja arudi kilomita ishirini na mbili, au sisi twende kumi na moja na yeye aje kumi na moja. Nilipiga hesabu hiyo vizuri kabisa. Ile ya kwanza ndiyo iliyonishinda. Tukatandika godoro kwenye pikapu ya kazi, nikashusha mawe yote mapya yaliyokuwamo ili apate nafasi. Wasila alipoiona pikapu alifumba macho. Akapanda. Nizar nilimwacha nyumbani, kama gari likija huko awepo mtu wa kulisimamisha.

Niliendesha taratibu kuliko siku zote za maisha yangu. Kila kiraka nakijua. Mchepuko ulipofika nikabaki juu, kama mshale wangu unavyosema.

Na hapa, arobaini na tano, jiwe halipo.

Kuna shimo. Udongo bado una unyevu. Watu wa mkandarasi walifika jana jioni, wakang'oa la zamani, na la kwao hawajaweka. Hakuna aliyewaambia kwamba hili lilikuwa la mwisho, kwamba nilikubaliana na Bi Emna. Au aliwaambia. Sijui. Mimi nimeyashusha yangu yote kijijini, sina hata moja la kusimika.

Sasa sielewi yuko wapi. Labda hakusikia, bado yuko kule kwa mbuzi. Labda alirudi, akatafuta jiwe la arobaini na tano, hakuliona, akaendelea. Na kama aliendelea ameshuka bondeni, kwa mshale wangu, wakati sisi tunapita juu. Tumepishana, mlima kati yetu. Niende mbele? Nirudi? Nikienda mbele na yeye yuko nyuma, nimemuua binti yangu. Nikirudi na yeye yuko mbele, vilevile.

Nilikuwa na kopo la rangi nyuma ya kiti. Nimeandika 45 juu ya lami, kila tarakimu ndefu kuliko mimi. Nimeiandika mara mbili, moja isomeke ukitoka Ain Rumman, nyingine ukitoka Burj Talha. Rangi imenimwagikia viatu vyote.

Wasila ameniita. Bi Mabruka kanipisha kidogo.

"Baba, tuko ngapi?"

"Arobaini na tano."

"Hiyo haikuhama, eti?"

"Haikuhama, mwanangu."

Akanishika kidole, kama alipokuwa mdogo. Halafu maumivu yakamjia, akakibana mpaka mfupa ukalia. Bi Mabruka anasema kichwa kinakaribia. Anasema niombe Mungu au nitafute maji, nichague moja.

Kuna king'ora.

Nimekisikia mimi, na Bi Mabruka naye amenyanyua uso. Yeye ananyoosha kidole mashariki. Mimi nilikisikia magharibi. Mlima unakirudisha, kinatoka pande zote. Nimezima injini nisikilize. Kinapanda au kinashuka? Kinakuja au kinakwenda?

Nimevaa kizibao cha kazi, kile cha kung'aa. Daftari naliacha hapa juu ya boneti. Nakwenda kusimama kwenye shimo la jiwe.