Kelele za Uwanjani

Qurum, Jumanne, Machi 1998

Tena rimoti nilishika mimi. Ndiyo maana moyo hautulii.

Asubuhi klabu imevunja mkataba wa bosi. Daktari kasema goti halitapona. Mchezaji mzima wa kiungo katoka Uruguay, kajaza viwanja, leo anapanda ngazi za nyumba hii kwa kuegemea bega langu mimi, mfanyakazi wake wa ndani. Akiondoka, na kazi yangu imekwisha.

Jioni akaniomba niweke kanda ya mechi yake ya zamani, nifungulie sauti. Kisha akampigia simu mama yake. Kihispania sikijui, ila nilisikia "mamá" na "gol", nikaona anavyochangamka huku machozi yanamtiririka. Mama wa watu huko kwao anasikia mashabiki, anadhani mechi imekwisha sasa hivi na mwanawe kafunga.

Kila akinipungia mkono, naongeza sauti. Nilikasirika! Mama hadanganywi hivyo.

Alipokata simu nikazima televisheni, nikamwambia kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza, "Bosi, haramu. Mwambie ukweli."

Akanitazama. "Na mama yako kule Tanga anajua unafanya kazi gani hapa?"

Nikamjibu: anajua mimi ni nesi.

Akacheka, mara ya kwanza tangu aumie. Nami nikacheka, nikacheka mpaka nikakaa sakafuni, na hakikuwa kicheko tena.

Ijumaa nampigia mama. Ataniuliza, kama kawaida yake, wagonjwa wangu wanaendeleaje.