Sindano za Kifuniko Chekundu

Shangazi,

Diwani yupo hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeruka maneno mengine yote kulitafuta. Amelala juu ya mashine ya kufulia, palepale ulipomkataza, na asubuhi ya leo sukari yake ilisoma kumi na mbili. Wiki tatu zilizopita ilisoma ishirini na sita. Kati ya namba hizo mbili kuna jambo nililofanya ambalo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani.

Kwanza mengine. Ni miezi minne tangu uondoke. Baridi imeingia Guildford na ile hita yako inatoa harufu ya vumbi kila ninapoiwasha. Baba aliangalia mazishi yako kwenye simu, kule Morogoro, kwa kuwa viza haikutoka. Mama Neema wa ghorofa ya chini ndiye aliyeishika simu juu ya kaburi, na kila alipojifuta machozi simu iliinuka, hivyo Baba aliona anga zaidi kuliko alivyoona jeneza. Hajalalamika. Aliniambia tu kwamba anga la Sydney ni kubwa.

Watu walikaa nasi siku tano. Nasema nasi, maana yangu mimi na paka. Lile tangazo lako kwenye mlango wa friji, "Diwani ana sukari, asipewe kitu", kila mtu alilisoma, na kila mtu alimpa kitu. Hakuna aliyeweza kula pilau ya msiba huku yale macho yakimtazama. Ulimpa jina hilo kwa sababu anapita kwa kila jirani, anasikiliza shida zote, na hafanyi lolote. Msibani alifanya kazi yake vizuri.

Halafu ikaja siku ya kugawa vitu vyako. Kina mama wa kanisani walitandaza nguo zako kitandani, wakazikunja, wakaombea, wakagawana. Mmoja alichukua koti lako la kazini, mwingine viatu vyeupe, Mama Neema alichukua kile kitenge cha bluu na akakivaa siku hiyohiyo. Waliniuliza mimi nataka nini, mara mbili. Nikasema sitaki kitu. Sikuwa nasema kweli. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimelichukua boksi lako la sindano za insulini na kulificha nyuma ya unga, kwa sababu nilisikia wakisema dawa zako zirudishwe famasi. Kila mtu alichukua kitu cha kuvaa. Mimi nilichukua sindano.

Unajua kwamba ulipokuwa hai sikuwahi kumchoma Diwani hata mara moja. Mlikuwa na ugonjwa mmoja na saa moja: saa moja asubuhi na saa moja jioni, yeye kwanza, wewe baadaye. Nilikuona ukimpa chakula na kusubiri mpaka amalize, maana asiyekula hachomwi. Nilikuona ukiitoa chupa yake kwenye friji na kuizungusha viganjani polepole. "Usiitikise," ulisema, "ibembeleze." Kisha unainua ngozi ya mgongoni, unachoma, unampangusa, unaandika kwenye daftari. Safu ya D, yake. Safu ya M, yaani mimi, yako. Kazi yangu ilikuwa kuuliza. Kila asubuhi nikipita jikoni kuwahi treni nilisema, "Mmeshachoma?" nawe ukajibu, "Tumeshachoma, bibi afya."

Nilijifunza peke yangu baada ya wewe kuondoka. Siku ya kwanza sindano ilipita upande wa pili wa ngozi na dawa ikalowanisha manyoya. Siku ya pili nililia kabla hata sijaanza, kisha nikamchoma sawasawa. Baada ya wiki mikono yangu ilizoea. Nilijifunza kumtoboa ukingo wa sikio na kupata tone la damu la kupima. Nikaendelea kuandika kwenye daftari lako: D, amekula, uniti mbili. Safu ya M niliiacha ilivyo.

Kisha sindano zake, zile zenye kifuniko chekundu, zikaisha.

Nilikuwa nimekusudia kwenda kununua nyingine kwa daktari wake kule Auburn. Lakini ilikuwa wiki ya kusahihisha mitihani, na mimi siku hizi sipendi kwenda mahali ambapo mtu ataniuliza habari zako. Nikalikumbuka boksi nyuma ya unga. Sindano zako zilikuwa nyembamba, safi, kila moja kwenye mfuko wake, kifuniko cha rangi ya machungwa. Nikajiambia sindano ni sindano. Nikajiambia wewe usingekubali zitupwe. Lakini, Shangazi, ukweli ni kwamba nilitaka kushika asubuhi na jioni kitu ambacho wewe ungekishika. Nilivuta dawa yake mpaka mstari wa pili, kama siku zote, nikamchoma. Na siku iliyofuata. Siku tisa.

Kuanzia siku ya nne alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Nikafikiri ni hita. Siku ya sita Mama Neema alisimama kwenye ngazi, ananyonyoa nyuzi kwenye sare yake ya ghalani, akaniambia, "Diwani yenu anakunywa maji mingi kwa ndoo yangu ya mop. Sitamupigia kura tena." Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Akasema, "Ni kama vile marehemu alikuwa anakunywa, mbele hajajua ugonjwa."

Siku ya nane nilimwona akitembea jikoni na miguu yake ya nyuma ilikuwa imelala, anakanyaga kwa visigino kama mzee mwenye kandambili. Nilipima. Ishirini na sita. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya tunda lililooza.

Jioni ile nilimpigia Baba. Hakunicheka kama alivyocheka mwanzo, aliposikia kwamba huku paka anachomwa sindano mara mbili kwa siku. Alisema, "Mwanangu, mwache huyo paka apumzike. Na wewe upumzike." Anajua kwamba kumwacha bila sindano ni kumwacha afe. Nilimwambia nitafikiri. Niliketi sakafuni na Diwani akaja kuegemea paja langu, hana uzito kabisa, na nikawaza kwamba akienda yeye hakutakuwa na kiumbe katika nchi hii nzima anayejua jinsi nyumba hii ilivyokuwa inasikika saa moja asubuhi.

Daktari alisema kwenye simu nimlete kesho yake, na nilete kila kitu ninachotumia, hata chupa. Mama Neema alitupeleka kabla ya zamu yake.  Tulipopita reli akasema, bila kugeuka, "Weye haujalia tangu siku ile. Lia basi. Miye naangalia barabara."

Sikulia. Nililia mezani kwa daktari. Yule msichana anayemsaidia alitoa vitu kwenye mfuko mmojammoja, akaishika sindano juu ya taa, akaniuliza kwa upole hizi za machungwa zimetoka wapi. Nikasema ni za shangazi yangu. 

Alinieleza taratibu, kama mtoto. Dawa ya binadamu ni nzito kuliko ya Diwani, kwa hiyo sindano zako zimegawanywa mistari mia kwa mililita, na zake mistari arobaini. Mstari wa pili kwenye sindano yako ni mdogo kuliko mstari wa pili kwenye yake. Kwa siku tisa paka wako alipata chini ya nusu ya dawa yake. Daktari akaongeza kwamba tuna bahati nimekosea upande huu. Ningekosea upande wa pili, angepata dawa zaidi ya mara mbili, na sukari yake ingeshuka mpaka asiamke.

Mimi, Shangazi, niliyesomea kemia. Ninayewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba kabla hujasoma kipimo, soma kwanza kimeandikwa nini ubavuni.

Alibaki kwao siku tatu na dripu mguuni. Siku hizo tatu ndizo nilizojua hasa kwamba umekufa. Sikuwa na wa kumlisha wala wa kumsubiri amalize. Saa moja ilipofika nilisimama jikoni nikiwa nimeshanawa mikono.

Ndipo nilipofungua daftari lako nyuma, mpaka asubuhi ile ya mwisho. Nilikuwa nimeuogopa ukurasa ule. Safu ya D imejaa kwa mwandiko wako: amekula yote, uniti mbili, kumi na moja. Safu ya M ni nyeupe. Asubuhi ile sikuuliza. Nilipita jikoni na vidude vya muziki masikioni, nikawaza mambo yangu, nikaona mdomo wako ukisogea, nikatoa kimoja nikusikie ukisema, "Haya, nenda, mwanafunzi wa milele." Nikaenda. Saa sita mchana uliketi kupumzika kwenye kile kiti cha wafanyakazi, huko unakowaogesha wazee wa watu, na hukuinuka.

Walisema ni moyo. Nilimuuliza daktari wako, naye akasema sindano moja iliyorukwa haiwezi kufanya hivyo. Namwamini. Lakini sijui kama ulisahau kuchoma au ulisahau kuandika, na sitajua, na ningejua kama ningeuliza neno moja.

Nimeyaandika. Basi.

Diwani alirudi nyumbani Ijumaa. Miguu ya nyuma bado, ila jana aliruka mwenyewe mpaka juu ya mashine, akateleza, akajaribu tena. Sindano zake nyekundu ziko kwenye kabati la vikombe. Zako zilizobaki nilizipeleka famasi pamoja na lile kopo la njano la sindano zilizotumika. Nilipolitikisa lilikuwa na zenu wote wawili humo ndani, zimechanganyika. Nililipitisha dirishani na yule kijana akalichukua bila hata kuliangalia.

Na nimeanza ukurasa mpya kwenye daftari. Nilichora safu moja tu. 

Kitu kimoja kimebadilika ambacho sikukiomba. Mama Neema akirudi zamu ya asubuhi, jioni anasimama chini kwenye ngazi, amevaa kitenge chako, ananiita kwa sauti ya kuamsha jengo zima: "Umeshamuchoma?" Mimi najibu kutoka juu kwamba nimeshamchoma. Hajui kwamba amekalia nafasi yangu ya kuuliza. Sijamwambia.

Lala, Shangazi yangu. Nakuahidi nitamlisha kwanza, nitaibembeleza chupa, nitasoma ubavuni kabla sijavuta. Na yeyote nitakayeishi naye baada ya hapa, mtu au paka, sitapita jikoni asubuhi bila kumuuliza, na nitasimama mpaka nisikie jibu.

Mwanafunzi wako wa milele