Aliyembeba Baba Yako Mgongoni

Nkunga,
Tukuyu,
3 Mei, 1995.

Mpendwa mwanangu Anyitike,

Ndaga, mwanangu. Mimi shangazi yako nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. U hali gani huko Mererani? Kifua chako kinaendeleaje na hilo vumbi la mashimoni? Nilisikia mlipohamia shimo jipya ulikuwa unakohoa. Kunywa maziwa, na ukitoka chini usikae na shati lililolowa jasho. Sisi huku ni wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo hayo unayajua, na baba yako ambaye mguu wake umo kwenye plasta. Mvua za mwaka huu hazina adabu. Ukungu unashuka asubuhi, unakaa mpaka saa nne, na nguo hazikauki.

Migomba inazaa vizuri. Siku hizi wachuuzi wanakuja na magari yao toka Dar es Salaam mpaka uwanjani kwetu, kila mmoja na bei yake, na vijana wameacha chai shambani wanakimbilia kupakia ndizi. Mbolea ndiyo hatuiwezi tena. Hayo ni ya kawaida, nimeyaandika kwa sababu naogopa kufika kwenye yale mengine.

Sasa sikiliza. Barua yako ilifika. Ile uliyoniagiza niisome mbele ya baba yako na wazee, ya kwamba mkeo Nasma aondoke nyumbani kabla hujarudi. Nimeisoma. Yaliyofuata nitakueleza, lakini kwanza utasikia kwangu jambo lenyewe lilivyokuwa, kwa sababu Amoni mdogo wako alikuandikia habari ambayo hakuiona. Siku hiyo alikuwa msibani Kinyala pamoja na wanaume wote wa kitongoji. Mimi niliona kwa macho yangu haya. Na wewe, gwe Anyitike, ulisoma karatasi ya Amoni ukachukua kalamu papo hapo, hukuuliza mtu. Hivi kalamu ilikuwa inakuwasha?

Unajua tulivyolelewa. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawagusani, hawaitani majina, hawapishani kwenye njia moja. Nasma, mtoto wa mjini, binti wa Mrisho fundi cherehani, alikuja hapa hajui hata moja. Siku ya kwanza alimpa baba yako mkono, nusura mzee azimie. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini alijifunza. Akimwona baba yako anakuja, anaingia migombani na kugeuka nyuma, hata akiwa na ndoo kichwani. Chakula anapika yeye, mwanenu anapeleka. Wapo mabinti wa hapahapa, wajukuu wa wazee wa kanisa, wasiofanya hata nusu ya hayo.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Baba yako hakwenda msibani kwa sababu ya ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa. Akashuka kijitoni kukata majani, akateleza kwenye ule mti tuliouweka kuwa daraja, akaanguka majini, mguu ukavunjika chini ya goti. Mimi nilikuwa juu, bustanini kwangu, nikasikia anaita. Nikajaribu kushuka, magoti yakagoma, nikakaa kwenye tope kama mtoto. Nikapiga kelele. Aliyesikia ni Nasma, kwa kuwa alibaki nyumbani na mtoto mwenye homa.

Alipofika, baba yako akajifunika uso kwa mikono, akamfukuza. "Rudi! Rudi wewe! Mwite Amoni!" Amoni yuko Kinyala! Nasma akageuka, akasimama amempa mgongo kama ilivyo desturi, akawa analia na kuita watu. Hakuna mtu. Na maji yanapanda, Anyitike. Yalikuwa yamefika kiunoni mwa baba yako na yeye bado anasema rudi. Mimi huku juu nikaelewa kwamba kaka yangu yuko tayari kufa kwa ajili ya heshima.

Basi yule binti alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nalia. Alivua khanga ya mabegani, akajifunika kichwa na uso wote ili asimwone mkwewe wala mkwewe asimwone, akaingia majini akipapasa. Akampata. Akamweka mgongoni. Akapanda naye kile kilima chenye utelezi, khanga usoni, anaona vidole vya miguu yake tu, mimi nikimwelekeza kwa sauti: kulia, kushoto, angalia jiwe. Na baba yako huko mgongoni anampiga ngumi za mabega, njia nzima, mpaka mlangoni.

Hilo Amoni alikuandikia? Yeye aliandika kwamba mkeo kamshika baba na kumdhalilisha. Kumshika, kweli alimshika.

Baba yako alirudi toka hospitali amejaa hasira. Akasema amevuliwa heshima na mtoto wa watu, akakataa chakula kilichopikwa na Nasma. Mimi na magoti haya nikawa napika, na shukrani yangu ikawa kuambiwa ugali una madonge. Wazee wa kanisa wakaja kumwona. Badala ya kumshukuru Mungu kwamba mwenzao yu hai, wakaanza kumjadili mkamwana. Mmoja akasema ubatizo haujamwingia sawasawa, bado ana mambo ya kwao. Mwingine akataka atengwe na Meza ya Bwana. Nikawauliza ni andiko gani linalomkataza mtu kuokolewa na mkamwana wake. Wakafungua Biblia zao, wakafunga, wakasema ni suala la heshima. Heshima! Hapo nilipandwa na mori, nikamwita Amoni nyoka mbele ya watu wote, maana yeye ndiye aliyekuwa akichochea. Baadaye nilimwomba radhi, na haikuwa rahisi, kwa sababu moyoni bado nilikuwa naona nimesema kweli. Nakuambia hili usije ukadhani nakuhubiria nikiwa nimekaa mimbarini. Kiburi na hasira katika ukoo huu hatukugawiwa kwa kijiko.

Barua yako ilipofika sikumwambia mtu yaliyomo. Niliiweka kifuani ndani ya blauzi, nikapika nayo, nikalima nayo, na kila anayepita anauliza Anyitike anasemaje. Nilitamani kuitia motoni. Lakini ulikuwa umemjulisha Amoni kwamba iko kwangu, nikakosa pa kutokea. Jumamosi wakakutana, baba yako kitandani, wazee kwenye viti, Amoni mlangoni. Nasma nilimtuma maji kisimani ili asiwepo. Nikasoma.

Unakumbuka ulichoandika? Uliandika kwamba ulimwokota kwenye baraza la fundi cherehani ukamfanya mtu. Uliandika kwamba ukoo wetu si wa kuchezewa na watu wasio na asili hapa. Uliandika asiguse hata kikombe cha baba yako. Halafu mwisho, bila aibu, ukaandika Mungu awabariki nyote. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama nimetafuna ndizi mbichi.

Nilipomaliza, Amoni alitikisa kichwa kukubali. Wazee wakamtazama baba yako. Yeye alikuwa ameukodolea macho ukuta. Akaniambia nisome tena pale pa kikombe. Nikasoma. Kisha akasema, "Elina, huyo si Anyitike. Huyo ni mimi. Ndivyo ninavyosema humu ndani kila siku, ila sikuwahi kujisikia." Machozi yakamtoka, kaka yangu huyo ambaye hakulia hata tulipomzika mama yako. Akapaza sauti akaita, "Nasma!" Jina lake, Anyitike. Tangu umwoe hajawahi kulitamka.

Hakuna aliyeitika. Nikaenda jikoni. Ndoo ilikuwa palepale, kavu. Hakwenda kisimani. Alikuwa nyuma ya ukuta muda wote, akasikia kila neno la mumewe kwa sauti yangu mimi. Maharage yalikuwa mekoni, ameyaongezea maji yasiungue na kupunguza kuni. Yeye na mtoto hawakuwepo.

Jana baba yako aling'ang'ania apelekwe Tukuyu kwa Mrisho. Tulimkataza, wapi! Amoni akambeba akampandisha kwenye pikapu ya mchuuzi, katikati ya mikungu ya ndizi, mguu umenyooshwa, mimi pembeni nimeushikilia. Kila shimo la barabara alikuwa anauma meno. Mrisho alitupokea. Mzee huyo alimeza mengi binti yake alipobatizwa, na hajawahi kutuvunjia heshima. Akaacha cherehani, akaleta kiti, akaleta chai, akasubiri tuseme. Nasma alipomwona mkwewe alikimbilia nyuma ya pazia, ndiyo mazoea. Baba yako akamwomba atoke. Akamtazama usoni, mchana kweupe, hapo barazani, watu wa sokoni wakipita, akasema, "Mwanangu, ulinibeba nikakupiga. Nisamehe."

Mimi nimekua na kaka yangu. Sijawahi kumsikia akimwambia mtu neno hilo, hata mchungaji.

Nasma akapiga magoti, akamsamehe. Hakusita. Nikafurahi, nikaona yamekwisha, nikaanza kutafuta kwa macho begi lake liko wapi. Ndipo akasema kwa upole kwamba kwa baba hana neno tena. Lakini nyumba ile aliingia kwa ajili yako, na barua ni ya kwako. Ukija mwenyewe atakusikiliza. Usipokuja, atabaki kwa baba yake na atajifunza kushona. Hakulia wala hakupandisha sauti. Angefoka, ningejua kesho atapoa. Mwanangu, naogopa. Mwanamke akifika kwenye upole wa namna ile, amebakiza hatua moja tu aondoke moja kwa moja.

Kwa hiyo nakuandikia leo, na barua nampa mtu anayesafiri kesho kwenda Arusha, isije ikalala posta. Usimtumie Nasma hela. Usimtume mshenga. Usiandike barua nyingine, nakuomba, za kwako zimetutosha. Njoo. Najua utasema mawe yamekaribia kutoka. Mawe yamekaribia tangu mwaka juzi. Najua pia kinachokuuma zaidi, kwamba utachekwa, wataambiana huyo mwanaume kamfuata mke kwa fundi cherehani. Watacheka, ndiyo, kwani kucheka kunaua? Bwana wetu alijifunga kitambaa akaosha miguu ya watu aliowazidi kwa kila kitu. Wewe umemzidi nani? Baba yako amepanda juu ya ndizi na mguu uliovunjika kwenda kuomba msamaha. Wewe una miguu miwili mizima.

Na Amoni usimguse. Nakufahamu, sasa hivi hasira zote zimekwisha kumhamia yeye. Alikosea, anajua, tangu Jumamosi hali vizuri. Ukimhukumu yeye baada ya kumhukumu mkeo, utakuwa umehama chumba tu, nyumba ni ileile. Kabla ya kumnyooshea mtu kidole kaa kwanza, uulize, umwombe Mungu, unywe hata maji. Hasira ni hasara, tumeliimba hilo tangu shuleni na bado tunalipa.

Barua yako nimeirudisha humu ndani. Isome kwa sauti ukiwa peke yako, kama nilivyoisoma mimi, ndipo utajua ninachosema.

Baba yako anakusalimu sana. Anasema yeye amemaliza la kwake, sasa anakungoja. Amoni anakusalimu, ingawa aliniomba mara mbili nisiandike jina lake. Mzee Mrisho anakusalimu, bado anakuita mkwe wake. Mwanao Agness hajambo, homa imekwisha, anauliza kama Mererani ni mbali kuliko Mbeya.

Mungu akulinde shimoni, akulinde na njiani, akupe moyo mwepesi wa kuinama wala usione umepungukiwa.

Nasma hakutuma salamu. Tulipokuwa tunaondoka nilimwambia kesho naandika kwa Anyitike, niseme nini? Alinitazama, akanyanyua mtoto, akaniambia nifike salama.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ninapokukaripia,

Elina.