Mifupa Iliyooshwa kwa Divai

Tashkent, 3 Machi 1956

Mama yangu Aryiro,

Naubusu mkono wako. Mimi ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwako tu: miguu bado inakusumbua? Kaa chini kwanza kabla padri Nasos hajaendelea kukusomea. Ni mimi, Lambros. Niko hai. Sisi wakomunisti tuliposhindwa mlimani Agosti ile ya mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, nilivuka mpaka na waliobaki wa kikosi changu, na meli na treni zikatuleta huku Uzbekistani. Kamanda wako sasa anachonga vyuma kiwandani, na msimamizi wake ni kijana asiye na ndevu anayemfokea kutwa. Cheka kidogo.

Miaka yote hii sikuandika kwa kuwa stempu ya huku ingekuletea askari mlangoni. Sasa nimepata anwani ya binamu Stathis aliyeko Australia, naye atapitisha barua zetu. Nijibu hata neno moja.

Mwanao, Lambros

Vrisi, 20 Mei 1956

Wewe unayejiita Lambros,

Salamu. Padri anaandika, mimi nasema, kwa hiyo usimtukane Mungu ndani ya barua zako. Mimi si mzima. Tangu barua yako ifike, chakula hakipiti.

Mwanangu nilimzika. Askari walimlaza uwanjani pamoja na wenzake. Uso haukuwepo, kombora lilikuwa limeuchukua, lakini koti lilikuwa la mwanangu, na soksi nilizifuma kwa mikono hii, zenye mchoro wa ngazi nyekundu kwenye kifundo cha mguu. Nikasema, huyu ni wangu. Kila mwaka nimemchemshia ngano ya marehemu. Mwaka wa tano tulimfukua kama ilivyo desturi, nikaiosha mifupa yake kwa divai, mmoja mmoja, huku nikiongea naye, kisha nikaiweka katika sanduku. Ilikuwa ya manjano kama nta, dalili ya marehemu aliyesamehewa na Mungu. Padri akaniambia, "Aryiro, futa machozi, mkomunisti wako kasamehewa." Hata majirani waliokuwa wakinipita kimya wakaanza kunisalimu.

Kama kweli wewe ndiye, sema mbuzi wa Pasaka alifanya nini ulipokuwa mdogo. Na kama wewe ndiye, mimi nimemwosha nani?

Mama wa Lambros

Tashkent, 9 Agosti 1956

Mama,

Naubusu mkono wako, mkono uleule ulionichapa kwa sababu ya mbuzi. Nilimficha chini ya kitanda asichinjwe, akatafuna sketi yako ya harusi.

Uliyemwosha ni Fotis wa Mesohori, mwana wa pekee wa mjane Despo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Jioni ya mwisho homa ya malaria ilimtetemesha mpaka bunduki yake ikawa inagonga mawe. Nikavua koti na soksi, nikamvika. Asubuhi kombora likatua. Tulirudi nyuma tukamwacha pale, na amri ya kurudi niliitoa mimi.

Basi msamaha ule ni wa Fotis, mama. Wangu bado.

Mpeleke kwao. Ni lazima umpeleke.

Mwanao, Lambros

Vrisi, 2 Desemba 1956

Mwanangu Lambros, macho yangu,

Ni wewe, mbuzi nimemtambua. Nilicheka na kulia mpaka padri akanipa maji. U mzima? Unakula nini huko? Baridi inakuuma?

Sasa sikiliza. Hiyo "ni lazima" yako kawaambie askari wako, kama umebaki nao. Mimi nilikaa na lile sanduku la mifupa majira yote ya mavuno. Padri alinionya: "Lambros aliyekufa hadaiwi na mtu. Ukitangaza yu hai, mahakama itaamka na njia yake ya kurudi itafungwa." Na yule kijana nilikuwa nimekwisha kumzoea. Mtoto uliyemwosha mwenyewe humtoi hivi hivi. Lakini nikajiuliza, huyo mjane anamchemshia nani ngano?

Hakuwa akimchemshia mtu, Lambros. Nilifika Mesohori na sanduku juu ya nyumbu, nikamkuta Despo kachangamka, anakanda unga wa pai. Akaniambia mwanawe yuko Tashkent, wengi wako huko, ila anwani tu hana. "Pole kwa wako, dada," akasema. "Wangu alifanikiwa kukimbia." Nikaweka sanduku mezani. Nilipomweleza hakulia. Alinizaba kofi, kisha akanikumbatia, tukakaa hivyo mpaka unga ukakauka.

Habari haina miguu lakini hutembea. Askari waliniita, nami sikukana. Mahakama imekuhukumu kifo, mwanangu, kwa kuwa sasa u hai. Nimekufungia mlango kwa mkono wangu. Nisamehe. Nakufumia soksi.

Mama

Tashkent, 15 Februari 1958

Mama,

Naubusu mkono wako. Hii ni barua ya tatu tangu kiangazi bila jibu. Kama unaona aibu kwa ajili ya mlango, acha. Nilikuomba mwenyewe, na ulitenda haki. Nimeomba ruhusa ya kurudi, wamenijibu kwamba sina tena uraia. Basi nimebaki na wewe tu. Mwambie padri aniandikie hata matusi.

Mwanao, Lambros

Mesohori, 14 Aprili 1958

Lambros,

Pokea salamu za Pasaka. Hatujuani. Mimi ni Despo, mama yake Fotis, na padri Nasos ananiandikia. Mama yako alifariki Oktoba iliyopita, kwa kifua. Baada ya siku ile ya sanduku tulikuwa tukitembeleana, na mwishowe nilihamia kwake kumuuguza. Hakuwa na binti wa kumwosha. Nikamwosha mimi, kwa kuwa yeye alimwosha wangu. Amelala katika kaburi lile alimokuzika wewe. Ngano namchemshia mimi, na jina lako padri sasa analisoma pamoja na walio hai.

Padri alitaka kukuandikia mapema, nikamkatalia. Barua zako zilizofika baada ya mazishi nilizifungia kabatini. Nilikuchukia, maana ulimwacha mwanangu juu ya mawe. Kisha nikawaza kwamba angalau alikufa miguu yake ikiwa na joto.

Soksi zimo ndani ya kifurushi. Moja aliifuma yeye, ya pili nimeimalizia mimi, na ngazi zangu hazikunyooka. Kabla hajakata roho alinishika mkono akasema, "Mwandikie, safari hii asimvulie mtu." Haya, nimekuandikia, ujumbe wake umefika. Ila mimi nakuambia, ukimwona mtoto wa mtu anatetemeka, mvulie.

Mama yako, Despo